NINA na flipu ya usiku wa manane: miezi minane darubini inajigeuza mwenyewe nimelala

Kwanza jina. Hii programu inaitwa NINA na kwa sisi wa Kiswahili ni shida tupu, ukimwambia mtu "nina NINA" anabaki anasubiri umalizie sentensi. Ni programu ya bure ya kuendesha kamera, maunti (ile mashine inayoibeba darubini na kuizungusha ifuate nyota), fokasi na vikorokoro vingine vyote ukiwa unapiga picha za anga usiku kucha, inakaa kwenye Windows tu, na msimbo wake uko wazi anayeweza kuusoma ausome. Ina mambo mengi mpaka yanachosha, hapa siyagusi. Riviu hii ni ya kitu kimoja tu ndani yake, kuigeuza maunti bila mtu pale unachopiga kinapovuka meridiani, ndo hiyo flipu. Hicho ndo kilikuwa kinanitoa kitandani na hicho ndo nimekitumia miezi minane, kwa hiyo ntakisema kizuri chake na yale niliyojiharibia mwenyewe, na ya kujiharibia ni mengi kuliko nilivyodhani wakati naanza.

Kwa anayeanza: maunti nyingi tunazotumia ni za mtindo wa Kijerumani, darubini upande mmoja, fimbo yenye vyuma vya uzito upande wa pili. Meridiani ni ule mstari wa kufikirika unaotoka kaskazini, unapita juu ya utosi wako, unashukia kusini. Kitu kikiwa bado mashariki kinapanda, darubini inakuwa juu na vyuma viko chini, raha mustarehe. Kikifika kwenye mstari fimbo inalala sambamba na ardhi. Ukiacha iendelee, vyuma vinaanza kupanda juu kuliko darubini yenyewe, na mkia wa darubini, pale ulipofunga kamera uliyoiwekea akiba miaka miwili, unashuka taratibu kuelekea mguu wa stendi. Anga linatembea digrii 15 kwa saa, yaani digrii 1 kila dakika 4, ni polepole kiasi kwamba hata ukikodoa macho huoni kama inaenda kugonga. Dawa yake ni kuigeuza, mihimili yote miwili inazunguka, darubini inahamia upande wa pili wa maunti na kurudi kuangalia nyota zilezile, ila sasa picha imekaa kichwa chini miguu juu.

Na kinachouma ni kwamba flipu haiji wakati wa ovyo. Kitu kikivuka meridiani ndo kiko juu kabisa kwa usiku huo, ndo unakitazama kupitia hewa kidogo kuliko saa nyingine yoyote. Kikiwa digrii 30 tu juu ya upeo wa macho, hewa unayopitia ni kama mara 2 ya ile iliyo juu ya utosi. Kwa hiyo saa tamu kuliko zote ndo hiyohiyo inayokatwa katikati. Nimewahi kuwa mtu wa ujanja ujanja, nasubiri kitu kivuke kwanza ndo naanza, au napiga cha mashariki nikikaribia mstari nakiacha nahamia kingine. Inawezekana, sikatai, ila unakuwa umeitupa nusu ya usiku, na nusu inayobaki kitu chako kinazama tu.

Basi nikawa nageuza kwa mkono. Unaweka alamu, na alamu yenyewe haitulii maana nyota zinawahi karibu dakika 4 kila siku, ukitumia alamu ya wiki iliyopita umechelewa karibu nusu saa. Unaamka, unatafuta viatu, tochi nyekundu mdomoni, unasimamisha kamera, unasimamisha gaida (ile kamera ndogo inayoiongoza maunti, na jamani ni gaida, ukiandika gaidi mtu atakimbia), unaiambia maunti iende tena palepale, inageuka, unapiga picha ya kujaribu, kitu kiko pembeni, unasogeza, unapiga tena, kimehamia pembe nyingine, unasogeza, unarudisha gaida, inakataa, unaanza upya. Nikiwa mzima wa akili dakika 20. Nikiwa na usingizi hata 40, na nshawahi kumaliza yote nikarudi kulala bila kubonyeza kitufe cha kuendelea kupiga. Nikaamka asubuhi, kamera imepumzika usiku kucha kuliko mimi.

Usiku ulionikatia shauri ulikuwa wa Kilimia, M45 kwa wanaotumia namba. Katikati ya Novemba Kilimia kinavuka meridiani katikati ya usiku, na lile vumbi la buluu linalozizunguka nyota zake ni hafifu, linataka masaa, huwezi kulipata kwa picha kumi. Nikaweka alamu nikalala, simu ikazima chaji. Kilichoniamsha ni mlio, mwembamba hivi, kama nzi aliyenasa kwenye chupa. Nikatoka nikakuta kamera imeegemea mguu wa stendi, mota bado inasukuma, waya wa USB umekunjwa katikati kama mrija. Sijui ilikuwa hivyo kwa muda gani. Hakuna kilichovunjika ila ile adapta inayoishika kamera ilipinda unywele tu, na wiki mbili nzima nyota za kona moja ya picha zilikuwa na umbo la yai.

Ndo nikaweka NINA.

Flipu ya kwanza sikulala, nani angelala. Nilikaa kwenye kiti pembeni ya maunti, kidole juu ya swichi ya umeme, laptopu magotini. Kwenye skrini kuna saa inahesabu kurudi nyuma mpaka dakika ya kugeuka, na ikifika linafunguka dirisha lenye orodha ya hatua. Gaida ikasimama. Ikasubiri mstari upite. Halafu maunti ikaanza kulia ile sauti yake ya kwenda mbali, vyuma vinashuka, darubini inapita juu inazunguka kama mtu anayegeuka usingizini, nikaona waya wa mkanda wa joto, ule wa kuzuia umande, unavutika, nikashika swichi, ukalegea, nikapumua. Ikatulia sekunde kadhaa. Kisha ikapiga picha fupi yenyewe ikaipeleka kwa programu ya kulinganisha nyota na orodha ya anga, mi natumia ASTAP ambayo nayo ni ya bure, na jibu likarudi kwamba tumekosea kwa dakika 11 za tao, yaani kama theluthi ya upana wa mwezi mpevu. Ikasahihisha, ikapiga tena, ikajikuta iko chini ya dakika 1. Ikaiambia PHD2, programu inayoendesha gaida, ichague nyota mpya ya kuongozea, ikangoja itulie, na kamera ikaanza kupiga picha inayofuata kama vile hakuna kilichotokea. Nilipima kwa simu, dakika 4 na sekunde chache. Eksposha zangu, yaani muda wa kupiga picha moja, ni za dakika 5, kwa hiyo flipu nzima imenigharimu chini ya picha moja.

Zile dakika 11 za mwanzo zisikutie hofu. Karibu kila darubini haijakaa pembe mraba kabisa na mhimili wake, kuna ka-upogo kidogo, na ukiipeleka upande wa pili ule upogo unageuka nao, kwa hiyo kosa linajitokeza mara mbili yake. Na kama darubini yako ina kioo kikubwa kinachoweza kusogea ndani, nacho kinahama kidogo uzito ukielemea upande mwingine. Ndo maana ile hatua ya kujiweka katikati upya usiizime hata siku moja, hata kama una haraka. Flipu bila kujiweka katikati ni nusu ya kazi.

Sasa kitu ambacho ilinichukua muda kukielewa, na nadhani wengi wanaosema flipu ya otomatiki haiaminiki hawajakielewa, ni hiki: programu haigeuzi maunti. Inachofanya ni kuiambia tu, nenda kwenye zile nyota ulizokuwa unaziangalia. Basi. Anayeamua kugeuka au kubaki upande uleule ni maunti na draiva yake (kile kiprogramu kinachoiunganisha na kompyuta), kwa kuangalia saa iliyonayo, mahali ilipoambiwa iko, na mipaka iliyowekewa. NINA inaomba kwa wakati unaofaa na inapanga yale ya kabla na baada. Ukilishika hilo, matatizo karibu yote unajua pa kuyatafutia, na karibu yote hayako ndani ya NINA.

Kwenye setingi kuna namba mbili ambazo ndo roho ya jambo. Ya kwanza ni dakika ngapi baada ya meridiani flipu inaruhusiwa kuanza. Ya pili ni dakika ngapi mwisho kabisa. Watu wanaziweka sawa, 5 na 5, halafu wanalalamika kamera inakaa bure. Bila shaka inakaa bure, maana programu haikati picha katikati, inaangalia kama picha inayofuata itamalizika kabla ya ule mwisho, ikiona haitoshi inakaa kimya inasubiri mstari. Ukiziachanisha kwa urefu wa picha moja na kidogo juu yake, inapiga moja zaidi kisha inageuka ikimaliza. Mi nina 5 na 11 kwa picha za dakika 5. Kuna ya tatu, kusimama kabla ya kufika meridiani, hiyo ni ya wenye darubini ndefu ambazo zinagusa stendi hata kabla ya mstari, hasa kitu kikipita karibu na utosi. Maunti inasimama, inaacha kitu kipite, kisha inakifuata upande wa pili. Unapoteza muda lakini unabaki na kamera.

Kosa langu la kwanza lilikuwa hapohapo. Niliweka hizo namba nikaona nimemaliza, kumbe maunti yenyewe ina mpaka wake ndani ya draiva ambao sijawahi kuufungua, umewekwa digrii 2 baada ya meridiani. Digrii 2 ni dakika 8. Programu inasema mwisho ni dakika 11, maunti inasema mwisho ni 8, unadhani nani anashinda? Ikasimama dakika ya nane katikati ya picha, na maunti ikisimama anga haliingoji, nyota zinakimbia sekunde 15 za tao kila sekunde moja ya saa, picha nzima imejaa mistari kama mvua. Nikaupeleka mpaka digrii 5, yaani dakika 20, baada ya kuhakikisha kwa macho yangu kwamba kamera haifiki kwenye mguu hata ikifika huko. Ila usiupeleke mbali ukasahau, kuna maunti ambazo ukiziruhusu kupita mstari kwa digrii kadhaa, ukiziomba ziende kwa kitu kilicho ndani ya hizo digrii hazioni sababu ya kuhama upande, zinabaki palepale na wewe umelala ukijua umegeuka. Kwa hiyo kabla ya namba za programu, zijue namba za maunti. Hili ningeandikiwa kwenye kuta ningelala vizuri miezi miwili mapema.

La pili ni aibu kidogo. NINA ina mfumo wa kupanga kazi za usiku uliokuja na toleo la 2, unachukua vipande unavipanga, piga hiki, subiri hiki, rudia hiki. Mzuri sana. Sasa flipu humo ni triga, yaani amri inayongoja hali fulani itokee ndo ifanye kazi, unaiweka wewe mwenyewe kwenye orodha yako. Zile setingi nilizozisema zinaeleza flipu iwe vipi IKITOKEA, ila itokee au isitokee ni triga. Mi nilitengeneza orodha mpya kutoka mwanzo kwa ajili ya M42, nebula ya Orioni, nikaipamba, ina fokasi kila joto likishuka, ina kila kitu, triga ya flipu sikuiweka. Bahati nzuri kile kimpaka cha maunti kikasimamisha kila kitu, kwa hiyo nilipoteza usiku lakini sio kamera. Tangu hapo nina orodha moja mama yenye triga ndani, kila kazi mpya naianzia humo, siandiki tena kutoka patupu.

La tatu ni longitudo. Niliandika kwa mkono mahali nilipo nikakosea tarakimu, kosa la digrii 2 hivi. Ukiwaza digrii 2 unaona ni kitu kidogo, na ukilinganisha nyota kwa picha kila kitu kinaonekana kiko sawa, kitu kiko katikati, gaida inaongoza vizuri. Ila digrii 2 za longitudo ni dakika 8 za saa, maunti inauona mstari dakika 8 mbali na pale ulipo kwa kweli. Ile flipu niliyodhani inaanza dakika ya 5, kwa chuma halisi ilikuwa inaanza dakika ya 13, na programu na maunti wote wawili wanakubaliana kwa furaha kwamba ni ya 5. Niligundua kwa bahati, nilikuwa nimesimama hapo nikaona fimbo ya vyuma imepanda juu kuliko inavyotakiwa, ikanijia picha ya ule usiku wa Kilimia. Saa ya kompyuta nayo hivyohivyo, ukikosea kwa saa 1 nzima, mfano yale mambo ya kubadilisha saa za kiangazi, hizo ni digrii 15, na digrii 15 hakuna stendi itakayokuvumilia. Tena ni kitu cha kuangalia sekunde kumi tu: lenga kitu kinachovuka mstari na uangalie fimbo imelala sambamba na ardhi au la. Kipimamaji cha fundi kinatosha.

Gaida. Zamani nilikuwa naongozea kwa ule waya wa ST4 unaotoka kwenye kamera moja kwa moja kwenda kwa maunti, na kwa njia hiyo PHD2 haina habari darubini iko upande gani. Flipu ikipita, mwelekeo mmoja wa kusahihisha unageuka, gaida inasukuma pale ilipotakiwa kuvuta, na kadiri inavyosahihisha ndivyo kosa linavyokua, grafu inapanda mpaka inatoka nje ya skrini. Nilifikiri maunti imekufa. Nilipohamia kuongoza kupitia draiva, PHD2 ikawa inasoma upande yenyewe na kuigeuza kalibresheni yake (vile vipimo vya kujua isukume wapi), sijawahi kuifanya upya tangu wakati huo. Kuna kisanduku kimoja cha kugeuza mwelekeo baada ya flipu ambacho baadhi ya maunti zinakihitaji na nyingine hazikitaki, utakijua usiku wa kwanza tu, ukiona grafu inakimbia baada ya flipu basi kibadilishe, hakuna cha kufikiria.

Na waya. Aisee waya. Hakuna programu inayoona waya. Inaweza kujua iko wapi angani kwa usahihi wa ajabu halafu ikaning'olea USB kwa utulivu kabisa kwa sababu kuna fundo limejishika kwenye kishikizo cha kufungia mhimili. Yangu ilikuwa ule wa mkanda wa kuzuia umande, mwembamba, mweusi, usiku huuoni. Uliingia nyuma ya kichwa cha maunti wakati wa kugeuka, haukukatika, ungekatika ingekuwa afadhali, ulibaki umekaza kama kamba ya kuanikia, kwa hiyo saa mbili zote baada ya flipu nyota zilikuwa na mikia mifupi upande mmoja na mi nahangaika na setingi za gaida asubuhi yote. Sasa hivi waya zote zinakutana kwenye kisanduku kimoja juu ya darubini na kinachoshuka chini ni viwili tu, umeme na USB, vimefungwa pamoja na vinapita karibu na mahali mihimili inapokutana, ambapo hakuna mzunguko mkubwa wa kuvivuta. Kabla ya giza naizungusha maunti kwa mkono, klachi zimelegezwa, pande zote mbili, nikisikiliza. Dakika mbili.

Baada ya flipu kuna watu wanaogopa kichwa chini miguu juu. Msijali. Programu za kurundika picha zinazilinganisha kwa nyota, zinaizungusha hiyo nusu ya pili zenyewe. Picha za flati, zile za mwanga sawasawa za kufutia vivuli vya vumbi, pia zinabaki zilezile, maana vumbi liko kwenye vioo na kamera, vyote vimegeuka pamoja, kivuli cha vumbi kimebaki palepale kwenye sensa ya kamera. Ila usiizungushe kamera kwa mkono ndani ya bomba eti unairudisha wima, hapo ndo unaziua flati zako. Fokasi mi nimeiwasha baada ya flipu, inaongeza dakika mbili tatu, kwa darubini yangu inasaidia kwa sababu uzito umehamia upande mwingine na kile kibomba cha fokasi kinalegea kidogo. Kama chako kimekaza vizuri unaweza kuiacha.

Vingine vipo. Ile boksi ndogo ya kampuni ya ZWO, ASIAIR, nayo inageuza yenyewe, unaiendesha kwa simu, setingi zake ni chache unazimaliza dakika moja, na kama vifaa vyako ni vya ukoo huo nadhani ni njia rahisi kuliko hii. Wa Linux wana Ekos, ambayo inakaa hata kwenye Raspberry Pi, yenyewe unaiambia kwa digrii kitu kipite mstari kiasi gani ndo igeuke. Zote zinafanya jambo lilelile, zinaiomba maunti. Kilichonibakisha kwa NINA ni zile namba mbili za mwanzo na mwisho, na kwamba hatua za flipu unaziona moja moja, ikikwama unajua imekwamia wapi. Gharama yake ni kwamba lazima uwe na kompyuta ya Windows karibu na darubini na lazima ukae nayo siku kadhaa kuielewa, sio kitu cha kufungua jioni ukapigia picha usiku huohuo. Nyota 5 kwa flipu yenyewe. Kwa urahisi wa kuanza nampa 3, na hizo 3 ni kwa upendo.

Kama unapiga kwa lenzi fupi kwenye kitrakia kidogo cha kubeba mkononi, haya yote hayakuhusu. Maunti za uma, zile zinazoishika darubini kwa mikono miwili, nazo hazina flipu. Hizi mpya ndogo zisizo na vyuma vya uzito bado zinageuka, watu wanadanganyana kwamba hazihitaji, zikiwekwa kwa mtindo wa kufuata mhimili wa dunia zinahitaji kama kawaida.

Anayetaka kujaribu asijaribie kwenye usiku mzuri. Kuna maunti ya kuigiza ndani ya kompyuta, inakuja na ASCOM (ule mfumo wa draiva za vifaa vya anga kwenye Windows), unaiunganisha NINA nayo ukiwa ndani umekaa, unachagua kitu kilichobakiza dakika kumi kufika kwenye mstari, unaangalia orodha inavyokwenda. Ukiridhika, usiku wenye mwezi mkubwa ambao hata hivyo hungepata picha ya maana, fanya na maunti halisi umesimama pembeni, kidole kwenye swichi. Mara tatu. Nilifanya mara moja tu nikajiona nimefuzu, na mmesoma kilichofuata.

Nimeongeza kile kiongezeo kinachoitwa Ground Station, kinanitumia ujumbe Telegramu hatua ikikwama. Usiku wa juzi kilitetemesha simu mara moja, saa saba na kitu, mawingu yalikuwa yametanda wakati darubini imeshageuka na hakuna nyota za kulinganisha. Nilichungulia dirishani, nikaona kweli hakuna kitu, nikasimamisha kila kitu kwa simu nikiwa kitandani, nikalala.